Mtu wa Daftarini

Ndeshi mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana afya. Yako naijua, majibu ya hospitali yako hapa mezani, nimeyawekea kikombe juu yasipeperuke. Yangu nayo unaijua, magoti na kelele. Kwa hiyo tuyaruke hayo.

Ni Jumapili, saa tisa mchana. Umekwenda Buguruni kumuaga shangazi yako, na namjua yule, hakuachii mpaka ukubali kubeba kitu usichokihitaji. Kariakoo imefunga milango. Siku nyingine huku ghorofani mtu hasikii hata anachofikiri. Leo nasikia saa ya ukutani na maji yanayodondokea kwenye ndoo. Mtaa huu ukinyamaza hivi huwa siupendi, na umeniuliza mara nyingi kwa nini nawasha redio kila Jumapili. Leo nimeizima makusudi.

Kesho unakwenda Songea kufundisha watoto wa watu. Habari za kufunga mlango, kuanika neti na kuwaamkia majirani nimekuimbia wiki nzima, sitazirudia. Nataka kukuandikia juu ya jana.

Jana niliweka kwenye begi lako lile daftari ulilopewa kliniki, la kuandika kila unachokula. Ukalitoa. Ukasema, "Mama bwana. Baba aliandika kila tonge miaka miwili. Chumvi hakuna, chumvi hakuna, chumvi hakuna. Na bado tulimzika. Hili libaki hapa hapa." Ukacheka, ukarudi kwenye pasi yako. Mimi nikabaki nimesimama nalo mkononi mpaka ukaniuliza kama naumwa.

Sikuwa naumwa, niliogopa. Daktari alisema mbele yetu wote wawili kwamba presha yako imewahi mno kwa umri wako, na figo zimeanza kuvuja kidogo. Akasema zinaweza kutunzwa miaka na miaka, mradi wajue hasa kinachoingia mdomoni mwako. Na wewe hutaki kuandika kwa sababu umelisoma daftari la baba yako na umeona halikumsaidia. Ndeshi, daftari lile ni la uongo. Nililiandika mimi.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano, uko bweni, unakuja likizo unakuta baba amepungua na mama amekazana. Hukuona yaliyokuwa katikati.

Mtu aliyetupatia daftari alikuwa mtaalamu wa lishe wa kliniki ile, binti mmoja mfupi, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimwamkia baba yako, akakaa, akaeleza bila haraka. "Baba, figo zako zimechoka. Chumvi ina kitu kinaitwa sodiamu, kinavuta maji, ndiyo maana miguu inavimba. Halafu kuna potasiamu. Hiyo iko kwenye ndizi, maharage, maparachichi, madafu. Figo nzima inaitoa yenyewe. Yako haiwezi, na ikijaa mwilini inaweza kusimamisha moyo."

Baba yako akasema, "Binti yangu, mimi Mchaga. Umenitajia ndizi."

Wakacheka wote. Binti akasema hatakatazwa kila kitu, ndizi zichemshwe, maji yamwagwe, zichemshwe tena. Alichotaka ni kujua tu anakula kiasi gani, kwa kijiko na kikombe, kila siku. Akatupigia mistari kwa rula: saa, chakula, kipimo, chumvi, anajisikiaje. Nakumbuka nilivyoipenda ile mistari. Niliona kazi ambayo ningeiweza.

Wiki za mwanzo baba yako aliandika mwenyewe. Unaujua mwandiko wake, herufi zimelala kama zimechoka. Kisha vidole vikavimba, kalamu ikawa inamponyoka, nikachukua mimi. Nikaiga mwandiko wake ili kliniki wasije wakadhani amekata tamaa. Niliuiga vizuri kiasi kwamba baadaye nikifungua kurasa za nyuma nilishindwa kujua ni nani kati yetu aliandika nini.

Makosa ya mwanzo hayakuwa ya kukusudia. Baba yako alikuwa anashuka kila mchana kukaa na wenzake pale kona, anakunywa dafu. Nikimuuliza umekula nini, ananiambia sijala, nimekunywa tu. Nikaandika maji. Nani anaandika dafu? Akija mgeni tunapakua kwenye sufuria moja, mtu anaongeza, anaongezewa, halafu jioni nakaa nakumbuka: alikula upawa mmoja. Nilikumbuka upawa mmoja kwa sababu ndio niliotaka awe amekula.

Kisha magadi. Umekulia dukani kwetu, umeyaona yale mabonge pale mlangoni karibu na magunia ya maharage tangu hujajua kutembea. Nilipoambiwa niondoe chumvi niliiondoa, nakuapia, nilimpa jirani kopo zima. Lakini maharage yasiyo na chumvi yalimshinda baba yako, basi nikazidisha magadi yalainike na kupata ladha. Nikaandika: chumvi, hakuna. Wakati huo sikuwa nadanganya. Kwetu magadi ni magadi, hakuna mtu aliyewahi kuyaita chumvi.

Kila mwezi binti wa kliniki alipitia kurasa, akaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu, akasema, "Mama, hongera. Wangekuwa wote kama nyinyi." Niliona fahari, Ndeshi. Nilitembea kutoka kliniki mpaka Msimbazi nimeinua kidevu. Na miguu ya baba yako ikazidi kujaa.

Ndipo tukapewa dumu. Alitakiwa akojoe humo saa ishirini na nne nzima, tone lisipotee, kwa sababu chumvi anayokula mtu hutokea huko na inaweza kupimwa. Tulilibeba kwenye mfuko mweusi, baba yako akinitania kwamba tukikamatwa na askari nitaeleza mwenyewe. Majibu yalipotoka binti hakutoa kalamu yake nyekundu. Aliweka daftari upande mmoja na karatasi ya maabara upande mwingine, akavitazama kwa muda mrefu.

"Mama," akasema, "mtu aliyeandikwa humu siye aliyekojoa kwenye dumu."

Hakusema kwa ubaya. Akaanza kuuliza taratibu, anatafuta mwenyewe chumvi inatoka wapi: dagaa wa chumvi? Mkate? Supu ya nje? Kisha akauliza, "Maharage unayalainisha kwa kitu gani?"

Pale pale nikaelewa kwamba magadi nayo yana sodiamu ile ile. Mimi ninayeuza magadi, ninayejua bei yake ya masika na ya kiangazi, nikaelewa nilichokuwa namlisha mume wangu mwaka mzima. Angenitukana ningejibu ukweli. Lakini alinitazama kwa heshima, mama wa mfano, na baba yako yuko pembeni ananisikiliza. Nikasema, "Maji tu, mwanangu. Nayaloweka usiku kucha."

Akaandika: maji tu. Hilo ndilo kosa langu, mengine yote ni matawi yake.

Usifikiri sikujaribu. Nilirudi nyumbani nikayapika bila magadi siku kumi na tatu. Baba yako akasukuma sahani. "Mama Ndeshi, umenipikia maharage ya gerezani." Alikuwa anakonda usoni na kuvimba miguuni, na mimi sikuweza kumtazama akilala na njaa mbele ya jiko langu. Siku ya kumi na nne nikayatia tena. Alikula akamaliza, akalamba kidole, nikalia jikoni kwa furaha. Na katika daftari nikaandika: upawa nusu, chumvi hakuna, anajisikia vizuri.

Kuanzia hapo nilijua kwamba naandika mtu mwingine. Yule wa daftarini alikula kidogo, kwa wakati, akashiba. Hakuwa na tamaa ya dafu. Alijisikia vizuri asubuhi, mchana na jioni. Kila Jumapili mtaa ukinyamaza kama hivi nilikaa kwenye meza hii hii nikaandika wiki yake nzima, na ilikuwa raha, Mungu anisamehe, ilikuwa raha kuwa na mgonjwa anayepona. Jumapili moja baba yako amelala, nimeinamia kurasa, nikasikia kijiko kinagonga kikombe chumbani, taratibu, kama mtu anayekoroga uji. Nikaingia. Baba yako alikuwa usingizini, mikono chini ya shuka. Hapakuwa na kikombe mle.

Baba yako alijua. Kwanza alitania. "Yule jamaa wa daftarini amekula nini leo? Mbona anakula kama hana mke?" Tukacheka. Baadaye utani ukabadilika. Mchana mmoja alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha dirishani, miguu kwenye stuli, akasema bila kunitazama, "Mwambie aniachie kidogo."

Nikamuuliza, "Nani?"

"Huyo unayemlisha. Yeye ananenepa, mimi naisha."

Nilimwambia aache maneno ya ajabu. Jioni yake nikapakua sahani tatu, na nyumbani tulikuwa wawili. Nilirudisha ile ya tatu kwenye sufuria haraka kabla hajaiona, nikamkuta ananitazama kutoka mlangoni.

Wiki ya mwisho niliandika mbele. Mzigo wa maharage ulikuwa unaingia dukani, kliniki ilikuwa Jumatatu inayofuata, nikasema nimalize mapema. Jumapili nikakaa nikamwandikia wiki yote ambayo haijafika, Jumatatu mpaka Jumapili, sahani kwa sahani. Haikunichukua hata saa moja, maana nilimjua yule mtu kuliko nilivyomjua wangu.

Jumatano daftari lilisema uji wa mchele, kikombe nusu. Jumatano baba yako aliniomba kiburu. Hujakila muda mrefu, nimekinyima nyumba hii tangu siku ile na hukujua sababu: ndizi na maharage vimepondwa pamoja, na magadi ya kutosha. Alisema, "Mara moja tu, mke wangu, nikumbuke nyumbani." Nikapika. Sikumwaga maji ya ndizi kwa sababu ukimwaga hakiwi kiburu. Alikula bakuli mbili, tukaongea habari za tulipooana, akanishika mkono kama kijana. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka ule na siwezi kuijutia yote, ingawa nimejaribu.

Alhamisi asubuhi moyo wake ulisimama. Daktari alisema potasiamu ilipanda. Hakuniuliza alikula nini, daftari lilikuwa mkononi mwake.

Unakumbuka tulivyomsafirisha kwenda Kilimanjaro, na Jumamosi tulivyomzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba. Unakumbuka nilifungua mkoba wangu, shangazi akadhani natafuta leso. Nilikuwa natafuta daftari. Ilikuwa saa saba, jeneza liko kwenye kamba, na mimi nilitaka kujua yule mwingine anafanya nini saa ile. Nikasoma: Jumamosi, saa saba mchana. Ndizi mbili zilizochemshwa, maji yamemwagwa. Amemaliza zote. Anajisikia vizuri. Upepo ulipita kwenye majani ya migomba, watu wakaanza kutupa udongo, na mimi nikamsikia anatafuna.

Sasa nisikilize kwa hili. Nilipoandika wiki ile nilichoka mwishoni, nikaacha Jumapili jioni wazi, nikasema nitajaza baadaye. Nina hakika, kwa sababu nilikumbuka nina pengo. Jumapili ile kule nyumbani kwa bibi yako, watu wametawanyika, nikafungua ule ukurasa. Kwenye chakula palikuwa patupu. Kwenye anajisikiaje paliandikwa neno moja, kwa herufi zile zilizolala: njaa.

Nimejiambia miaka yote kwamba niliandika mimi, kwa haraka, nikasahau. Huenda. Nimekwambia mwandiko ulikuwa wetu sote. Nilichana ukurasa ule, wenye Alhamisi mpaka Jumapili, kabla hujaniomba daftari kama kumbukumbu, ndiyo maana hilo ulilonalo linaishia Jumatano. Nimeukunja ndani ya bahasha hii. Sitaki tena kukaa nao peke yangu.

Naujua ubaya ninaokufanyia. Umelipenda lile daftari. Umewasomea rafiki zako, "Oneni baba yangu alivyokuwa mwaminifu." Baba yako hakuwa mwaminifu, alikuwa mpenda dafu, mwongo wa kitoto, mtamu, na alikuwa na mke aliyeogopa aibu kuliko kifo. Nakunyang'anya baba wa pili na huyo wa kwanza ulishamzika. Ukinichukia huko Songea, nichukie, nitaumia na nitavumilia. Lakini usiende ukiamini kwamba kuandika kulimuua au kulishindwa. Hakuna aliyejaribu kuandika ukweli. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayo hayo maneno kwenye kanga, nikiivaa jikoni huku natia magadi.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia ghali. Jioni kumbukumbu inakuwa na adabu mno, kwa hiyo andika kabla hujaosha sahani. Vile vitu usivyoviita chakula, dafu, embe bichi na chumvi yake na pilipili, unachoonja ukipika, hivyo ndivyo vinavyokula watu, viandike kwanza. Usipojua kipimo, andika hujui. Ukitamani kiburu siku moja, kula, na uandike kiburu, bakuli ngapi, maji hayakumwagwa. Ukiona aibu inakushika mkono kabla ya kuandika kitu, hicho hicho ndicho mtu wa kliniki anachokitafuta. Na akikuwekea alama ya vema kila mwezi, mwogope kidogo huyo anayewekewa.

Hilo lingetosha, na ningekuambia kwa mdomo. Nimechukua kalamu kwa sababu ya leo mchana.

Ulipotoka kanisani nilikuwa nakupikia maharage ya kukuaga. Tulikubaliana bila chumvi, bila magadi. Yalikuwa yanachemka, nikaonja, yakawa makavu, hayana maana. Nikafikiria unavyokaa mezani kwangu kwa mara ya mwisho, unasukuma sahani. Ulikuwa chumbani unaimba. Ndeshi, sikuamua. Niliutazama mkono wangu ukifungua kopo la magadi, ukachota, ukakoroga, na kijiko kikagonga ukingo wa sufuria taratibu, mlio ule ule. Ukaja ukala. Ukasema, "Mama, haya hata bila magadi matamu, unaona sasa?" Ukaongeza mara mbili. Nilifurahi, nilifurahi kabisa, mpaka ulipofunga mlango kwenda Buguruni na mtaa ukanyamaza.

Daftari lako nimelirudisha kwenye begi, chini ya viatu. Nimekupigia mistari kwa rula. Wa kwanza nimeujaza mimi, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ambao hujawahi kuuona kwenye daftari la baba yako:

Jumapili, saa saba mchana. Wali kikombe kimoja. Maharage, pawa tatu. Chumvi hakuna. Magadi, kijiko kimoja cha chai, kimejaa. Ametia mama, binti hajui.

Mimi niliyepika,
Mama yako